Ubavu wa Kushoto

Nilinunua injini mbili ili nizivunje.
Ya kwanza ilitoka mnada wa kanisa, dola kumi na nane,
haina kengele, gurudumu moja linapepesuka.
Ya pili aliniletea binamu wa Moncton katika sanduku la viatu,
mpya, inang'aa, rangi ya kampuni nyingine,
na nilipoiwekea msumeno
mkono ulisita kama wa mtu anayechinja kuku wa jirani.

Ninayoitaka haiuzwi popote:
Namba Thelathini na Saba, ya mgodi wa Corrigan,
iliyoshusha makaa gatini hadi mwaka niliotimiza tisa,
ikakatwa ikawa chuma chakavu.
Haikuwa nzuri.
Bwela lilitoka kwa marehemu mmoja, tenda kwa marehemu mwingine,
dohani fupi, kama shingo ya mtu aliyeshikwa na baridi.
Karakana iliiunga ilivyoweza wakati wa vita.
Basi nami naungaunga.
Injini ya viraka haiigwi kwa kitambaa kizima.

Milimita tatu na nusu ni futi moja.
Nimeiandika ukutani kwa penseli, juu ya birika.
Nimekata bwela nyuma ya kuba la mvuke,
nimetoa milimita sita, nimeunga tena,
nimeziba mshono kwa lipu laini.
Ribiti ni matone ya gundi kwenye ncha ya sindano,
mia mbili na kumi na nne,
na moja inakosekana
kwa sababu pichani inakosekana.

Picha ni moja tu.
Imepigwa kulia, upande wa dereva.
Archibald Petrie ametoa kiwiko dirishani,
ana tabasamu la mtu aliyelipwa jana.
Nyuma ya bega lake kuna doa la kijivu.
Mama alisema: huyo ndiye baba yako.
Huenda ni moshi.

Mchochea moto hukaa kushoto.
Baba alikaa kushoto miaka kumi na sita,
na kushoto hakuna aliyewahi kuelekeza kamera.
Asiyekuwapo na lake halipo, ndivyo wasemavyo;
lakini yeye alikuwapo.
Aliyekosekana ni mpiga picha.

Nilimpigia simu Leander Boutilier, wa mwisho wa zamu ile.
Akasema: kushoto kulikuwa na pampu, na ngazi ya vipandio vitatu.
Pampu nikaichonga siku nne.
Alhamisi akapiga mwenyewe:
"Murdena, ile ilikuwa Kumi na Tisa.
Thelathini na Saba siikumbuki upande huo.
Namkumbuka baba yako akiimba, vibaya."
Pampu nimeiacha. Gundi ilishakauka.

Theluji imefunga mlango wa nyuma tangu Jumapili.
Napaka nyeusi, kisha nyeusi iliyochoka,
kisha masizi kwa brashi ya wanja.
Makaa ya tenda ni ya kweli:
bahari bado huyatapika ufukweni, chini ya mgodi,
nami nikaokota donge moja, nikalisaga kwa kijiko.
Injini ya uongo, mzigo wa haki.

Dirisha la kushoto nimelifungua nusu.
Ushahidi sina.
Baba alilala dirisha wazi hata Februari,
Mama akinung'unika chini ya mablanketi matatu;
hicho ndicho nilicho nacho badala ya picha.
Ndani sikuweka mtu.
Dukani wapo, sita kwa pakiti, wote wamenyooka kama makarani.
Nimeweka beleshi tu, limeegemea,
na mpini wake nimeupaka rangi mara mbili
pale mikono ingeshika.

Jumamosi atakuja Bwana Thibodeau wa chama, na rula yake.
Atainama, atapima, ataguna,
ataniuliza pampu hii nimeitoa wapi,
na dirisha je, nani kaliona?
Nitaigeuza injini, ubavu wa kushoto umtazame,
nisogeze taa.
Nitamwambia: una simu mfukoni.
Piga picha.